Docker iwekwe kwenye seva, si kwenye kompyuta ya karani

Nimekuwa kimya karibu mwezi mzima, hata wengine mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa na kazi huku Thika, na kazi hiyo ndiyo iliyonipa mada ya leo. Anayetafuta somo la hatua kwa hatua la kusakinisha Docker atalipata kwenye tovuti ya Docker wenyewe, tena limeandikwa vizuri kuliko ninavyoweza mimi. Ninachotaka kuandika ni maoni yangu kuhusu mahali pa kuiweka, na maoni haya yametokana na kosa langu mwenyewe.

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Ukisimama asubuhi kando ya barabara inayoingia eneo la viwanda la Thika, wakati wafanyakazi wanamiminika kwa miguu kutoka Makongeni na Kiandutu, ukataja kontena, kila mtu anajua unasema nini. Ni lile sanduku la chuma linalotoka bandari ya Mombasa, na likizeeka linakatwa mlango na dirisha, linakuwa kinyozi au duka la M-Pesa. Watu wa programu waliazima jina hilo makusudi. Mwaka 1956 Mmarekani Malcom McLean alisafirisha makontena 58 kwa meli ya Ideal-X kutoka Newark hadi Houston. Wazo lilikuwa rahisi: pakia mzigo mara moja, ufunge, halafu meli, treni na lori vibebe sanduku lile lile bila mtu kulifungua njiani.

Docker, ambayo Solomon Hykes aliionyesha hadharani Machi 2013, ililetea programu wazo hilo hilo. Unachukua programu yako, maktaba zake, na toleo la Java au Python inalolitaka, unavifunga pamoja kwenye kifurushi kinachoitwa imeji. Ukiiendesha imeji unapata kontena. Hakuna tena ile hadithi ya "kwangu inafanya kazi, sijui kwako kuna nini."

Lakini kuna jambo moja ambalo watu wengi wanaliruka. Kontena si kompyuta ndani ya kompyuta. Ni programu ya kawaida ambayo kiini cha Linux kimeizungushia ua: inaona mafaili yake tu, mtandao wake tu, na inapewa kipimo cha kumbukumbu na nguvu za prosesa. Ua huo ulijengwa polepole. Unix ilikuwa na chroot tangu 1979, FreeBSD ilileta jela zake mwaka 2000, na sehemu ya Linux inayogawa kipimo, iitwayo cgroups, iliingia kwenye toleo 2.6.24 Januari 2008. Docker ilivikusanya vitu vilivyokuwepo ikavifanya virahisi kutumia. Kumbukeni hilo neno Linux, kwa sababu shida yangu ilianzia hapo.

Sasa kisa chenyewe. Kuna karakana moja ya maboksi ya kufungashia hapa eneo la viwanda. Sitaitaja jina. Niliwaandikia programu ndogo ya stoo: mali iliyoingia, mali iliyotoka, na hati ya kupeleka mzigo ambayo dereva lazima awe nayo kabla mlinzi hajafungua geti. Kwenye laptopu yangu, inayotumia Linux, programu na hifadhidata yake ya PostgreSQL zilikuwa ndani ya makontena mawili. Siku ya kuwakabidhi nikakuta ofisi ina kompyuta moja nzuri, ya dada wa hesabu, yenye Windows. Nikafikiria kidogo sana. Nikapakua Docker Desktop, nikabonyeza endelea, endelea, maliza. Baada ya saa moja programu ilikuwa inaonekana kwenye kompyuta ya stoo kupitia mtandao wa ofisi. Nikalipwa, nikapanda matatu kurudi Ruiru nikiwa na furaha.

Miezi mitatu hakukuwa na neno. Halafu Jumatatu moja simu ililia saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Alikuwa mzee wa stoo.

"Kijana, ile mashine yako imekufa."

"Imekufa vipi, mzee? Inawaka?"

"Inawaka. Lakini stoo hakuna kitu. Na lori zimefika."

Stima ilikuwa imepotea usiku na ikarudi alfajiri. Kompyuta ya dada wa hesabu ilijiwasha yenyewe kama nilivyoipanga, ikafika kwenye ule ukurasa wa Windows unaoomba neno la siri, ikasimama hapo. Dada wa hesabu alikuwa amekwenda mazishini kwao tangu Ijumaa, na simu yake haikuwa ikipatikana. Neno la siri lilikuwa lake peke yake, kama inavyopaswa kuwa. Nilifika saa mbili na nusu nikasimama mbele ya kompyuta niliyoiweka mwenyewe nikiwa sina la kufanya, kama mgeni.

Dada alipatikana saa tano kasoro. Aliponisomea neno la siri na mimi nikaliingiza, Docker Desktop iliamka, makontena yakaamka, na kila kitu kikarudi bila hata rekodi moja kupotea. Kwa fundi hiyo ingekuwa habari njema. Lakini lori mbili zilikuwa zimekwishaondoka tupu kwa sababu zilikuwa na mzigo mwingine wa kuchukua Ruiru. Na vibarua sita wa kupakia, ambao hulipwa kwa lori, walikuwa wamekaa juu ya mbao za mizigo tangu alfajiri. Lori mbili zilizoondoka ziliondoka na pesa yao ya siku hiyo. Hakuna aliyenitukana. Mzee wa stoo aliniambia tu, huku akifunga daftari lake, "Kitabu changu cha karatasi hakijawahi kuniuliza neno la siri."

Nimelifikiria neno hilo sana. Na nimefika kwenye msimamo huu: kitu chochote ambacho kazi ya watu wengine inakitegemea kisiwekwe ndani ya Docker Desktop kwenye kompyuta ya mtu. Docker Desktop ni chombo cha sisi tunaoandika programu. Makontena yanayofanya kazi ya kampuni yakae kwenye mashine yake yenyewe, yenye Linux, yenye Docker Engine, isiyo na mtu wa kuiingia kila asubuhi.

Sababu ya kwanza ni ile ya kiini. Makontena mengi tunayotumia ni ya Linux, na Windows haina kiini cha Linux. Kwa hiyo Docker Desktop inawasha Linux nzima kando, ndani ya WSL 2, na makontena yako yanaishi humo. Programu yenyewe inaanza mtumiaji anapoingia kwenye akaunti yake, si kompyuta inapowaka. Kwa msanidi programu hilo ni sawa kabisa: mimi nikiwa sijaingia, sina haja ya makontena. Kwa karakana ambayo lori zake zinakuja saa kumi na mbili, ni kasoro kubwa. Docker wenyewe hawajaficha jambo hili. Maelezo yao yanasema wazi kwamba Docker Desktop haikubaliwi hata kwenye Windows Server. Mimi sikuyasoma. Nilibonyeza endelea.

Tena ile Linux ya kando inakula. Kwa kawaida WSL 2 inaruhusiwa kuchukua hadi nusu ya kumbukumbu ya kompyuta. Kama kompyuta ina gigabaiti 8, dada wa hesabu anaweza kubaki na 4 za Windows, kivinjari, na programu yake ya hesabu. Baadaye aliniambia kompyuta yake ilikuwa nzito tangu nilipopita. Alidhani ni virusi. Virusi alikuwa mimi.

Sababu ya pili ni leseni, na hii inawahusu watu wa viwanda kuliko wanavyojua. Tarehe 31 Agosti 2021 Docker ilitangaza kwamba Docker Desktop itabaki bure kwa matumizi ya mtu binafsi, masomo, miradi huria na biashara ndogo. Biashara ndogo maana yake ni yenye wafanyakazi chini ya 250 na mapato chini ya dola milioni 10 kwa mwaka. Ukipita kipimo kimoja tu, unalipa. Sasa angalia kiwanda cha kushona nguo au cha kusindika matunda. Kinaweza kuwa na watu 400 kwenye mashine na ukanda wa kufungashia, na idara nzima ya kompyuta ni kijana mmoja na dada wa hesabu. Kampuni ya programu kule California yenye watu 200 wote wakiwa mbele ya skrini, mapato yake yakiwa chini ya hapo, haidaiwi. Kiwanda chetu kinadaiwa. Docker Engine kwenye Linux haina shida hiyo. Ni programu huria chini ya leseni ya Apache 2.0. Ukimwekea mteja Docker Desktop bila kumuuliza ana wafanyakazi wangapi, umempa deni ambalo hajui analo.

Najua mtu atasema, "Basi Linux ndiyo ngumu." Ilikuwa ngumu zamani. Hata lugha haikuwa kisingizio: mradi wa Kilinux pale Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Kusakinisha Ubuntu Server leo ni kazi ya nusu saa. Ila kuna mitego, na naitaja kwa sababu nimeingia kadhaa.

Mtego wa kwanza upo ndani ya kisakinishi chenyewe. Karibu na mwisho kinakupa orodha ya programu za ziada, na Docker imo, kama snap. Usiiteue kwa haraka. Snap imewekewa mipaka ya mafaili inayoweza kuyaona, na baadaye ukiweka Docker nyingine kwa apt unakuwa na mbili zinazogombana, huku wewe ukishangaa makontena yako yamekwenda wapi. Chagua njia moja. Mimi naongeza hazina ya Docker wenyewe kwenye apt, kwa sababu masahihisho ya usalama yanafika mapema. Ile hati fupi ya kusakinisha kwa amri moja ni tamu, lakini wenyewe wanasema si ya mashine za kazi.

Mtego wa pili ni lile kundi liitwalo docker. Kila mafunzo yanakwambia ujiongeze humo ili usiandike sudo. Hayakwambii kwa sauti kwamba aliye ndani ya kundi hilo ana nguvu sawa na mkuu wa mashine. Usimwongeze kila mtu ofisini kwa sababu ya urahisi.

Mtego wa tatu ni ukuta wa moto. Ukifungua poti ya kontena, Docker inaandika kanuni zake kwenye iptables, na kanuni hizo zinapita kando ya ufw. Unaweza kuwa umefunga poti ya hifadhidata kwenye ufw, ukalala usingizi, kumbe iko wazi kwa yeyote aliye kwenye mtandao ule. Dawa yake ni kuifunga poti kwenye anwani 127.0.0.1, au kutoifungua kabisa kama ni makontena yanayozungumza yenyewe kwa yenyewe.

Mtego wa nne ni wa polepole, na ndio unaoua mashine zilizosahauliwa. Docker huandika kila neno linalosemwa na kontena kwenye faili, na kwa kawaida haina kikomo. Baada ya mwaka diski imejaa, hifadhidata inakataa kuandika, na mteja anakupigia. Mistari michache kwenye faili la /etc/docker/daemon.json, ya max-size na max-file, inamaliza jambo hilo. Lakini iandike mapema, kwa maana haigusi makontena yaliyokwishaundwa.

Mtego wa tano ni neno latest. Ukiandika postgres:latest leo unapata toleo la leo. Mwakani ukivuta tena utapata toleo jingine kubwa, nalo litakataa kusoma mafaili ya hifadhidata ya toleo la zamani. Andika namba. Na data iwekwe kwenye volumu yenye jina, ukijua kwamba amri ya docker compose down haiigusi, lakini ukiongeza herufi -v umeifuta. Herufi moja. Kwa hiyo kila usiku nakala ya akiba itoke kwa pg_dump, iende kwenye diski nyingine, na mara moja kwa mwezi mtu aijaribu kuirudisha. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa si nakala, ni tumaini.

Hayo yote yanaweza kutokea Berlin pia. Yapo mawili ya huku kwetu. La kwanza ni stima. Mwaka 2023 nchi nzima ilikosa stima mara tatu, tarehe 25 Agosti, 11 Novemba na 10 Desemba, bila kuhesabu zile za mtaa mmoja mmoja ambazo haziingii kwenye habari. Kwa hiyo kwenye faili la compose kila huduma iwe na mstari huu:

restart: unless-stopped

Kwenye Ubuntu na Debian, Docker yenyewe huanza mashine inapowaka. Ukichanganya hayo mawili na ile chaguo ya BIOS ya kujiwasha stima inaporudi, mnyororo umekamilika: stima, mashine, Linux, Docker, makontena. Hakuna binadamu katikati. Mnyororo wangu wa kwanza ulikuwa na binadamu katikati, na binadamu huyo alikuwa mazishini.

La pili ni intaneti. Tangu Novemba 2020 ghala la imeji la Docker Hub lina kikomo cha kuvuta. Kilipoanza kilikuwa mara 100 kwa saa 6 kwa asiyejiandikisha, na huhesabiwa kwa anwani ya IP. Watu wengi wanaotumia mitandao ya simu hawana anwani yao. Wanashiriki moja na wateja wengine ambao hawawajui. Unaweza kukataliwa kabla hujavuta imeji hata moja, kwa sababu majirani wameshaimaliza zamu. Na bando nayo ni pesa. Suluhisho langu ni flashi. Navuta imeji nyumbani, nazihifadhi kwa docker save kwenye faili, na kwa mteja nazipakia kwa docker load. Inafanana na zamani Canonical walipokuwa wakituma CD za Ubuntu bure kwa posta, huduma waliyoifunga 2011. Flashi hiyo naiacha kwa mteja, kwenye droo. Siku mashine ikifa, nyingine inaweza kusimama hata intaneti ikiwa imekatika.

Sasa nijibu hoja mbili ambazo nimezisikia kwa wenzangu, kwa sababu zina uzito.

Wa kwanza husema, "Kwa nini makontena kabisa? Programu moja, hifadhidata moja, weka kwa apt na systemd, maliza." Huyu ana haki nusu. Kama kweli ni programu moja na haitabadilika, kontena ni mzigo wa ziada, na mimi mwenyewe nimewahi kumshauri mteja asiliguse. Lakini angalia jinsi ofisi za viwanda zilivyo siku hizi. Tangu 1 Januari 2024, kwa jumla, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikatwi kwenye hesabu ya kodi, kwa hiyo kila mnunuzi anadai ankara hiyo. Kampuni yenye mfumo wake wa mauzo inauunganisha na eTIMS kwa njia mbili: OSCU, inayozungumza moja kwa moja na mtandao wa KRA, au VSCU, ambayo inasakinishwa kwenye mashine ya mlipa kodi mwenyewe. Sasa kwenye mashine ile ile unaweza kuwa na kiungo cha kodi kinachotaka toleo moja la Java, mfumo wa mizani uliokwama kwenye toleo la zamani, na programu yako. Hapo ndipo ua wa kontena unapolipa. Kila mmoja na Java yake, hakuna anayemkanyaga mwenzake. Na mashine ikiharibika, faili moja la compose, flashi, na nakala ya jana vinakurudisha kazini siku hiyo hiyo.

Wa pili husema, "Peleka kila kitu kwenye wingu, achana na mashine za chini ya meza." Kwa duka la mtandaoni, sawa. Kwa geti la kiwanda, hapana. Jenereta inaweza kuwasha taa na mashine zote, lakini haiwezi kurudisha kebo ya intaneti iliyokatwa na tingatinga kule barabarani. Kinachofungua geti kikae ndani ya ukuta wa geti. Wingu liwe mahali pa nakala ya akiba.

(Wapo watakaouliza kuhusu Podman. Naipenda. Haina huduma moja kubwa inayoendeshwa kama mkuu wa mashine, na mtu wa kawaida anaweza kuendesha makontena bila mamlaka hayo. Msimamo wangu hauangalii jina la chombo. Unaangalia mahali kilipowekwa.)

Shahada yangu ya sayansi ya kompyuta ilinipa mambo mengi ninayoyashukuru: jinsi kiini kinavyogawa kumbukumbu, jinsi hifadhidata inavyohakikisha kwamba muamala haukatiki nusu. Yote hayo yalifanya kazi siku ile. Hakuna rekodi iliyopotea! Kilichokosekana ni swali ambalo halikuwa kwenye mtihani: nani atakuwepo saa kumi na mbili asubuhi, na anajua nini? Sisi vijana wa programu tunapenda kusema kazi imekwisha ukurasa unapofunguka mara ya kwanza. Naona kazi ya kusakinisha inakwisha pale mtu asiyeandika programu anapoweza kuirudisha bila kukupigia simu.

Kwa hiyo nilirudi, safari hii bila malipo. Nilinunua kompyuta ndogo iliyotumika, Nairobi, kwa shilingi 14,500, nikaiwekea Ubuntu Server na Docker Engine, nikaiweka kwenye kabati la stoo pamoja na UPS. Nikaitoa Docker Desktop kwenye kompyuta ya dada wa hesabu, naye amerudishiwa kumbukumbu yake. Halafu nikafanya kitu ambacho sasa nakifanya kwa kila mteja. Nilimwita mzee wa stoo, nikampa kamba ya stima ya mashine na ya UPS, nikamwambia azichomoe.

"Nichomoe hivi hivi?"

"Chomoa, mzee."

Alichomoa. Tulingoja dakika tano, akarudisha. Mimi nilitoka nje nikasimama karibu na geti ili nisishawishike kugusa chochote. Baada ya dakika chache alitoka akaniambia imerudi, na kwamba hajabonyeza kitu. Tulirudia mara mbili zaidi. Ndani ya mlango wa kabati nilibandika karatasi moja yenye maandishi makubwa: taa gani iwe kijani, usubiri dakika ngapi, flashi iko wapi, na namba ya simu yangu ikiwa ya mwisho kwenye orodha badala ya kuwa ya kwanza.

Nilimwomba pia jambo moja: asiache daftari. Kila jioni programu inachapisha ukurasa mmoja wa salio la stoo, naye anaubandika humo. Siku yote yakishindikana, mlinzi ameagizwa akubali hati ya mkono yenye sahihi ya mzee, na sisi tutaingiza rekodi baadaye. Alicheka kidogo, akasema daftari hilo ameliandika tangu kabla sijaanza shule.

Wewe msanidi programu unayesoma hapa, kama una makontena ya mteja ndani ya Docker Desktop kwenye kompyuta ya mtu fulani, hujachelewa. Mpigie kesho. Mwambie unataka kuja kuchomoa plagi.

Tukutane tena wiki ijayo, Mungu akipenda na stima ikiwepo.